Mwaka wa Mwani na Machungwa

Binti yangu Rehema amerudi nyumbani Moa na kompyuta yake, na kile chumba cha uani nilichokuwa nikirundika matenga mabovu sasa kinaitwa ofisi. Anawajibu watu wa nchi za mbali waliopotelewa na mizigo yao ya ndege. Wao huko wamefura kwa hasira, yeye hapa anawapoza kwa Kiingereza laini, feni inazunguka, chai inapoa kikombeni. Wiki ya kwanza nilijisifu kwa majirani mpaka wakaanza kunikwepa njiani. Wiki ya tano ndipo nikang'amua kwamba mtoto hajaiona bahari tangu ashuke kwenye gari, na bahari iko hapo nyuma ya mikoko, chai yako haijapoa umeshafika. Nikamwambia, toka mwanangu, upigwe na upepo kidogo. Akacheka. "Baba, hizi kazi za kufanyia nyumbani nyie hamkuzijua. Ukitoka dakika kumi tu, unaulizwa uko wapi." Hamkuzijua! Nikaenda kukaa barazani peke yangu. Mtu akiniambia jambo nisilolijua huwa nanyamaza, sina makuu, lakini hili nalijua kuliko yeye. Mimi ndiye mtu wa kwanza katika Moa nzima kufanya kazi ya mbali nikiwa nimekaa kwangu, na anayebisha aje tubishane. Mwaka ulionifundisha kazi hiyo ndio mwaka aliozaliwa yeye, na nusura unigharimu mama yake.

Shule niliishia darasa la nne, na hilo la nne lenyewe nililimaliza kwa kusukumwa. Lakini chungwa nalijua. Muheza pale, mnadani, watu wazima wenye ndevu walikuwa wakinisubiri nipite nitie mkono kwenye tenga kabla hawajafungua mdomo. Miaka saba nilipanga chumba nyuma ya stendi, nikawa narudi Moa mara moja kwa wiki mbili kama mgeni, na mke wangu Mwanaidi akinipokea kama mgeni, na kiti na maji ya kunawa. Kisha mnara wa simu ukawashwa upande wa Duga, na Mwanaidi akawa na mimba ya kwanza iliyotulia baada ya mbili zilizoharibika. Nikarudisha funguo za chumba. Madalali wenzangu walinicheka: "Bakari, machungwa hayanunuliwi kitandani!" Nikawajibu, "Nyie kaeni na vumbi lenu, mtanisikia." Na walinisikia kweli. Kule shambani nilikuwa na mtu wangu mmoja, Petro, Mbondei, Mkatoliki mwaminifu asiyejua hata kuongeza chumvi kwenye habari. Kila asubuhi alikuwa anasimama chini ya mchungwa na simu, nami namwambia, "Petro, likate moja, litie mdomoni, lifyonze nikusikie." Chungwa lenye maji lina mlio wake. Chungwa kavu lina mlio wake. Nikishasikia, namwambia hili shamba tuchukue, hili tuache, kisha nawapigia wanunuzi wa Dar na Mombasa. Sikukosea hata mara moja msimu ule, na hili nalisema mbele ya yeyote.

Ofisi yangu ilikuwa chumba cha mbele, penye dirisha la mbao linalotazama mnazi ulioinama. Mawasiliano yalipatikana hapo tu, kwenye ule upenyo wa dirisha, ukiegemea bega la kushoto ukutani. Niliweka kiti cha kamba na hakuna mwingine aliyekikalia. Wakati wa kazi ulikuwa saa tatu mpaka saa tano asubuhi, ndio wakati soko la Dar linapanga magari, na ukipiga saa sita umekwisha. Mwanaidi alikuwa ananiletea bada la unga wa muhogo na mchuzi wa papa, anaweka sahani dirishani, anasimama kidogo na tumbo lake akinisikiliza ninavyobishana, kisha anaondoka. Leo nikikumbuka nadhani alikuwa anasubiri nikate simu. Wakati ule nilidhani anafurahia jinsi ninavyojua kusema.

Yeye alikuwa na shamba lake la mwani, huko nje kwenye maji mafupi, alilopewa na kikundi cha kina mama akiwa bado mwari wa juzi. Asiyejua atadhani mwani unaota tu. Hauoti tu. Unapigilia vigingi mchangani, unatandaza kamba kati yake, na kwenye kila kamba unaning'iniza vitawi vya mbegu kwa vikamba vidogo, kimoja kimoja, umeinama, maji magotini, jua mgongoni. Na huwezi kwenda siku unayotaka. Unakwenda siku za bamvu, mwezi ukiwa mpevu au ukiwa mwandamo, maji yanapotoka mbali sana. Siku nne au tano hivi, basi, bahari inafunga mlango mpaka wiki mbili nyingine. Na bamvu pwani yetu hii maji yanatoka kabisa saa nne asubuhi. Saa nne! Saa ileile ya soko. Kikundi kilikuwa na sheria moja: shamba likikaa bila mtu bamvu mbili mfululizo, anapewa mwanamke mwingine anayengoja.

Mwanaidi alijifungua salama, mtoto wa kike, tukamwita Rehema. Kwetu mzazi anakaa ndani siku arubaini, hatoki, haingii baharini, anakandwa na maji moto na kunyweshwa uji wa pilipili manga. Mama mkwe alikuja kutoka Mkwaja kumlea, akatwaa chumba cha ndani na jiko na mamlaka yote, mimi nikahamishiwa chumba cha mbele na kiti changu. Siku ya tatu Mwanaidi aliniita mlangoni. Alikuwa amejifunga kitambaa kichwani, uso umekuwa mdogo, macho makubwa. Akasema, "Baba Rehema," na hiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kuitwa hivyo, moyo ukanitanuka, "bamvu linaingia wiki ijayo. Nitunzie shamba langu." Nikamwambia, wewe lala, hesabu limefungwa lote. Ningemwahidi hata mlima.

Sasa nitasema nilichofanya, na sitakipamba. Bamvu liliingia katikati ya msimu, simu hainyamazi, na mwani ni kazi ya kina mama, wanaume wa Moa wangenitania mpaka leo. Nikampigia binamu yangu Mbwana, mmoja wa watu watatu waliokuwa na simu kijijini, nikamwomba anifungie lile shamba na watu wawili. Akakubali. Siku ya pili saa nne nikampigia nikiwa kwenye kiti changu. "Mbwana, uko wapi?" "Niko majini humu, kaka, husikii?" Akatulia, nami nikasikia maji yakipiga chwa, chwa, chwa. Nikaridhika. Sikio langu lilikuwa linanunua mashamba mazima, lingeshindwa na kazi ya asubuhi moja? Nikamwita mama mkwe, nikasema kwa sauti ili na wa ndani asikie, "Shamba la Mwanaidi limefungwa lote." Nikasikia mtoto akibembelezwa, na Mwanaidi akisema polepole, "Alhamdulillahi."

Siku kumi baadaye Bi Salima, mwenyekiti wa kikundi, alikuja kumwona mzazi. Bi Salima ni mwanamke mrefu, sauti kama ya mtu anayeita feri. Aliniamkia dirishani, "Dalali, hujambo na masikio yako?" akapita ndani, na ukuta wa nyumba yetu ulikuwa wa fito na udongo, hauzuii neno. Nilikuwa nangoja simu ya Petro. Nikasikia wanamsifu mtoto, nikasikia kijiko cha uji. Kisha Bi Salima akashusha sauti, na Bi Salima akishusha sauti ndio mtu wa kawaida anaongea. "Mwanaidi mwanangu, sikutaka kukusumbua na uzazi. Shamba lako limekuwa uwanja wa kaa. Vigingi vitupu. Yule binti wa Zuhura anayengoja shamba ameshaniuliza mara mbili."

Nikangoja Mwanaidi alie, au anitukane, nikajiandaa. Akasema tu, "Ameniambia limefungwa lote, bibi." Alisema kama mtu anayesahihisha habari, bado ananiamini, bado anadhani Bi Salima ndiye amekosea kamba. Nimeshawahi kupoteza lori zima barabara ya Segera, nikala chakula changu jioni ile nikashiba. Lakini sentensi ile sikuweza kuimeza. Nilikwenda mbio mpaka kwa Mbwana. Nilimkuta uani anaosha baiskeli yake kwa ndoo na kitambaa, chwa, chwa, chwa, na kwa uso alionitazama nao nikajua kwamba na siku ile alikuwa akiiosha hapohapo.

Nilirudi, nikasimama kwenye mlango wa chumba cha ndani. Mama mkwe alinitazama, akachukua beseni akatoka. Nilimweleza Mwanaidi yote, hata ile ya baiskeli. Sikuwa nimewahi kumwomba mtu radhi katika maisha yangu ya biashara, kwa hiyo niliiomba vibaya, nikachanganya na habari za msimu na magari. Alikuwa amempakata Rehema. Hakupandisha sauti. "Nyumba hii ni yako," akasema. "Machungwa yako. Mtoto huyu naye ataitwa binti Bakari. Sina ugomvi na hayo. Lakini watu wakisema shamba la Mwanaidi, wananisema mimi. Ukilipoteza, Baba Rehema, nitakupikia, nitakufulia, nitakuzalia na wengine Mungu akipenda. Lakini usiniulize tena kwa nini naweka sahani dirishani naondoka." Nikauliza zimebaki bamvu ngapi. Akasema, "Moja. Linaingia baada ya siku tano."

Basi bamvu lilipoingia nilikwenda mwenyewe. Lakini nilikwenda kidalali. Simu niliifunga kwenye mfuko wa plastiki nikaivaa shingoni, maana kule nje mawasiliano yalikuwa bora kuliko dirishani, na nikajiona nimewaweza wote, bahari na soko. Kina mama waliponiona nimekunja suruali, kazi ilisimama. "Jamani, mzungu wa machungwa kaja!" "Shemeji, hiyo hirizi shingoni ni ya kuzuia papa?" "Mwacheni, anatafuta chungwa lililozama!" Nilichukua mbegu, nikaanza kufunga. Simu ikalia. Alikuwa mnunuzi wangu mkubwa wa Dar, Mzee Kimaro, mtu mkali asiyejua salamu. "Bakari, mbona nasikia wanawake na maji? Uko bafuni?" Kina mama wote waliangua kicheko, naye akakata. Nikapiga tena, nikawa nafunga kwa mkono mmoja na kubishana kwa mwingine, kamba baada ya kamba, haraka, vifundo imara vya kwangu mwenyewe, vile ninavyofungia magunia, ambavyo havijawahi kufunguka kutoka Muheza mpaka Mombasa. Nilitoka majini mgongo umevunjika, nimefunga kamba zote kasoro mbili. Nilipita mbele ya dirisha la Mwanaidi nikijikohoza ili ajue nimerudi.

Kesho yake maji yalipotoka nilikuta kamba zangu zimenyooka safi, vifundo vyote mahali pake, na mwani hakuna. Vitawi vilikuwa vinaelea huku na kule, vingine vimebanwa kwenye nyasi za bahari. Bi Salima alikuja, akashika kifundo kimoja, akakigeuza. "Fundo la gunia," akasema. "Shemeji, umeunyonga. Likilowa linakaza, linakata shingo. Mwani hauendi safari, uko nyumbani kwake. Uachie nafasi uchezecheze, ndio unanenepa." Safari hii hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lililoniuma. Nilitazama nje, maji yalikuwa yameshaanza kurudi. Zilibaki siku mbili za bamvu, mbegu sina, na simu kifuani ilikuwa inalia.

Asubuhi iliyofuata nilikwenda chumba cha ndani na simu mkononi, nimeitoa kwenye plastiki. Nikamwambia Mwanaidi, "Leo shika wewe." Mama mkwe akaguna, "Mzazi na simu, mambo gani haya?" Mwanaidi akanyoosha mkono. "Nitawaambia nini?" "Petro utamsikiliza anavyofyonza. Kimaro atakufokea, mwache afoke, akimaliza ndio useme." "Na akiniuliza uko wapi?" Nilitaka kumwambia aseme niko shambani Muheza. Nikasema, "Mwambie niko kwenye mwani." Alihamia dirishani na mtoto, kwenye kiti changu, bega la kushoto ukutani, maana alishajua nilivyokuwa nakaa. Nikaenda mikono mitupu.

Sijui nieleze vipi asubuhi ile. Nina nyumba mbili Muheza na malori matatu, nimesafiri mpaka Lubumbashi, lakini nikiulizwa ni wapi nimewahi kukaa vizuri, nasema kwenye shamba la mke wangu, maji magotini, bila simu. Mwanzo mkono ulikuwa unakwenda kifuani wenyewe, unapapasa, haukuti kitu. Baadaye ukaacha. Nikaanza kuona. Viti vya pweza, zile nyota nyekundu za bahari, vimetulia mchangani kama vimesahauliwa na mtu. Ngisi wadogo, wanaona kivuli chako wanageuka rangi. Harufu ya matope ya mikoko, nzito, tamu kidogo, niliyozaliwa nayo na kuisahau. Nyuma kabisa, milima ya Usambara kama moshi, na mimi miaka yote nilikuwa upande ule, chini ya milima, nikiitazama bahari kwa kuisikia tu. Kina mama walinigawia mbegu, kila mmoja kifurushi. Mama mmoja mzee akasimama ubavuni kwangu, akashika mkono wangu ndani ya maji, akanionyesha kifundo chao, kitanzi kinacholegea. Nilifunga kimoja kimoja. Ukiharakisha kinakaza. Nilijifunza kupumua kabla ya kuvuta. Saa ya soko ilipita juu yangu na sikujua imepita.

Niliporudi nilisimama chini ya dirisha, suruali inachuruzika, nikasikia sauti ya Mwanaidi ndani. "... na goti lako, mzee wangu, bado linakusumbua? Kitunguu saumu na mafuta ya nazi, uyapashe moto. Eeh. Na yule kijana wako aliyekuwa anafanya mitihani? ... Pole, atarudia tu." Nikamaliza kusikiliza ndipo nikaelewa anazungumza na Kimaro. Miaka minne nilifanya biashara na mtu yule na sikujua kama ana goti. Nikaingia. "Amesemaje?" "Amesema machungwa yapakiwe kesho, na nikufikishie salamu. Petro nilimwambia lile shamba la bondeni aliache." "Kwa nini? Lina maji lile!" "Lina maji, lakini alilitema. Wewe humsikii akitema?" Mama mkwe alikuwa amekaa mlangoni anachambua mchele, akacheka mpaka ungo ukayumba. Nami, mtu ninayejua kila kitu, nikakaa chini kwenye mkeka wa mke wangu, miguu ina chumvi, nikamchukua Rehema, na Mwanaidi akanipa sahani mkononi, hakuiweka dirishani.

Siku ya mwisho ya bamvu Bi Salima alipita kamba kwa kamba. Nilikuwa nimefunga saba kati ya kumi na mbili, nyingine mbegu hazikutosha. Nilimfuata nyuma. Alivuta hapa, akagusa pale, akasimama mwisho wa shamba na mikono kiunoni. Yule binti wa Zuhura naye alikuwa amesimama pembeni na vigingi vyake begani, anangoja. Bi Salima akamwambia, "Mwanangu, rudi nyumbani. Hapa pana mtu."

Tangu mwaka ule nyumba yetu inakwenda kwa mwezi. Maji yakiwa mafu, simu ni yangu, nafoka ninavyotaka. Bamvu likiingia, asubuhi simu ni ya Mwanaidi, na wanunuzi wengi, nasema ukweli, hungoja siku zake ili wapige. Siku nyingine yeye huenda na mimi nabaki, siku nyingine tunakwenda wote na inalia peke yake. Machungwa hayajaoza kwa hilo. Nimejenga kwa utaratibu huo, nimesomesha kwa utaratibu huo, na sikuupata kwenye semina.

Arubaini ilitimia siku ya pili ya bamvu lililofuata. Mwanaidi alioga, akafukizwa udi, akavaa kanga mpya, watu wakala wali, na wageni walipotawanyika alimwachia mama yake mtoto, akazipandisha kanga zake, akaelekea baharini kwa njia ya mikokoni. Ilikuwa asubuhi bado, maji yanatoka. Nikamfuata, nikizungumza njia nzima, kamba hii nilifunga siku gani, ile nilisaidiwa na nani. Yeye alifika kwenye kamba ya kwanza, akainama, akatia mkono majini, akashika kifundo changu akakifungua. Akakifunga upya, kikalegea zaidi. Akaenda cha pili, akakifungua. "Hicho nacho kina nini?" nikauliza. "Hakina kitu," akasema. "Shika hapa." Nikashika. Kifundo cha tatu, cha nne, cha kumi, vyote alivifungua, vyote akavifunga, hana haraka, na mimi nikiinua kamba mbele yake asipate tabu ya kuinama sana. Katikati ya shamba alikuta kishada kimoja cha mwani kimenenepa, kimejaa mikono miwili. Akakiinua juu ya maji, kikawa kinachuruzika na kung'aa, akanitazama kwa mara ya kwanza tangu tutoke nyumbani.

"Huu umeufunga wewe?"

"Mimi."

Akautazama kitambo. Kisha akaurudisha majini taratibu jinsi ulivyokuwa, hakugusa kifundo chake, akasogea mbele, nami nikasogea na kamba.